Mtoto Aliyekuja Maktaba Peke Yake: Mwongozo Kamili wa Usalama na Uangalizi kwa Wakutubi na Wazazi

Ingia maktaba yoyote ya mkoa Tanzania au ya kaunti Kenya siku ya shule, baada ya saa 9 alasiri. Sehemu ya watoto imejaa sare. Wapo wa darasa la tano wanaomalizia kazi waliyopewa na mwalimu, yupo msichana aliyekuja na mdogo wake kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwachia, yupo mvulana anayesubiri mama yake afunge genge sokoni ndipo waondoke pamoja. Watu wazima waliowaleta watoto hao ni wa kuhesabu.

Maktaba zetu huikabili hali hii kwa namna mbili. Zipo zinazobandika tangazo mlangoni kwamba mtoto asiye na mzazi haruhusiwi, na zipo zinazonyamaza na kuomba Mungu lisitokee baya. Sikubaliani na zote mbili. Anayekuja peke yake mara nyingi ndiye asiye na meza wala taa ya kusomea nyumbani, kwa hiyo tangazo lile humfukuza yule yule anayeihitaji maktaba kuliko wote. Tumewahi kufungiwa milango hii. Maktaba ya McMillan, Nairobi, ilifunguliwa 1931, na chini ya utawala wa kikoloni Waafrika hawakuruhusiwa kusoma ndani yake. Ilani ya maktaba za umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba) na UNESCO ya 1994 inasema huduma ni kwa wote kwa usawa, na umri umetajwa miongoni mwa mambo yasiyopaswa kumzuia mtu. Kunyamaza nako hakumsaidii mtoto, maana siku likitokea jambo hakuna anayejua nani alipaswa kufanya nini.

Mwongozo huu unafuata njia ya tatu: mtoto apokelewe, na jengo, watu na ratiba vipangwe kwa kujua kwamba yumo. Mkutubi hageuki yaya. Hana kazi ya kulisha, kuogesha wala kuchunga mtoto wa mtu kutwa nzima. Ana wajibu wa kuhakikisha mahali anapopasimamia hapamdhuru mtoto, na kwamba mtoto akiwa hatarini yupo mtu mzima anayejua la kufanya.

1. Jua kwanza nani anaingia

Kabla ya kuandika kanuni hata moja, tumia majuma kadhaa kuangalia na kuandika. Watoto huja saa ngapi? Wana umri gani, wamekuja na nani, wanaondoka vipi? Jumamosi huwaje? Hali ya likizo za Juni na Desemba Tanzania, au Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka Kenya, haifanani kabisa na siku za shule: watoto huja asubuhi na kukaa kutwa, wengine bila chakula.

Waulize pia mlinzi na mfanya usafi. Hao ndio wanaojua mtoto gani hubaki akiranda uani baada ya kufunga, na mtu gani hukaa kwenye benchi la nje kila siku bila kuingia.

2. Amueni umri, kisha muuandike

Ninachopendekeza ni ngazi tatu, na nazifunga kwenye madarasa kwa sababu mtoto hutaja darasa lake upesi kuliko mwaka aliozaliwa.

Ambaye hajaanza darasa la kwanza awe na mtu anayemwangalia, aliye naye chumba kimoja na anayemwona kwa macho. Mtu huyo anaweza kuwa mzazi, bibi, dada wa kazi au ndugu aliye sekondari. Mtoto wa darasa la nne anayemlea mdogo wake wa miaka mitatu hajatosha kuwa mlezi. Lakini msiwarudishe nyumbani wote wawili: wakaribisheni siku hiyo, wawekeni karibu na meza yenu, kisha mtafuteni mzazi mzungumze.

Wa darasa la kwanza hadi la nne wanaweza kukaa bila mzazi katika sehemu ya watoto tu, kwa muda uliowekwa, wakiwa wamesajiliwa na kuna namba ya simu inayopokelewa. Saa mbili zinatosha. Zaidi ya hapo mtoto huchoka, huona njaa, huanza kukimbia kati ya rafu, na lawama humwangukia yeye.

Wa darasa la tano na kuendelea wajitegemee, ila bado wawe na mtu wa kupigiwa.

Andikeni haya kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yasainiwe na mkuu wa maktaba na kubandikwa mahali mzazi atayaona. Kanuni iliyo kichwani mwa mkutubi mmoja huondoka naye akihamishwa. Kenya, ambako katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la maktaba, pelekeni nakala kwa idara inayowasimamia ili kanuni iwe na mwenyewe juu yenu pia.

3. Usajili, na lile daftari la mlangoni

Fomu ya mtoto iwe fupi: jina, darasa na shule, mtaa, namba mbili za simu za watu wawili tofauti, nani ana ruhusa ya kumchukua, na kama ana hali ya kiafya ambayo mhudumu anapaswa kuijua, kama pumu, kifafa, selimundu au mzio wa chakula. Namba mbili ni muhimu. Simu ya mzazi mmoja huzimika, huishiwa chaji, au huwa chini ya meza sokoni wakati wa pilikapilika.

Sasa daftari la wageni. Tumelizoea mno kiasi kwamba hatuoni tena ubaya wake. Limelazwa wazi kwenye meza ya mlinzi, na kila anayeingia anaandika jina, shule, mtaa na simu. Yeyote anayejifanya anatafuta mstari mtupu anaweza kusoma kwamba msichana fulani wa darasa la sita anatoka shule fulani, anakaa mtaa fulani, huingia saa 9 na kutoka saa 11. Kesho yake anamsubiri nje na kumwita kwa jina, na mtoto anayeitwa kwa jina lake huamini kwamba amekutana na mtu anayejuana na wazazi wake. Nimeliona daftari la namna hii katika maktaba nyingi kuliko nilivyotamani. Liondoeni leo. Mtoto apewe namba ya uanachama, mlinzi aandike namba hiyo na saa tu, na fomu zenye majina zikae kwenye kabati lenye kufuli. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Maktaba ya umma haiko nje ya sheria hizo.

4. Panga chumba ili macho yafike

Simama kwenye meza ya mkutubi wa watoto. Bila kusogea, huoni wapi? Kila pembe usiyoiona ni kazi ya kufanya. Rafu za katikati ya chumba zisizidi urefu wa kifua cha mtu mzima, na ndefu zirudishwe ukutani. Zile za ukutani zifungwe kwa skrubu au vyuma, maana mtoto akitaka kitabu cha juu hupanda rafu kama ngazi, na rafu iliyojaa vitabu ikimwangukia inaweza kumuua. Fundi wa mtaani huimaliza kazi hii kwa siku moja.

Sehemu ya watoto isiwe jirani na mlango wa nje. Apitaye kutoka kwa watoto kwenda nje alazimike kupita mbele ya mtu wa zamu. Ghorofani, ngazi ziwe na kizuizi na madirisha yasiwe na kiti wala meza chini yake. Soketi za umeme zilizo chini zifunikwe, nyaya zisitambae sakafuni.

Choo kinahitaji uamuzi wa makusudi. Watoto watumie choo kimoja kinachojulikana, kisichotumiwa na wageni wazima, kilicho karibu na mahali penye watu. Wadogo waende wawili wawili. Mtoto asiyejimudu akisindikizwa na mhudumu, mhudumu amwarifu mwenzake kabla, na mlango wa nje wa choo ubaki wazi. Kama choo kiko uani nyuma ya jengo, kama ilivyo kwenye majengo mengi ya zamani, wekeni taa na mpange mlinzi apazungukie mara kwa mara.

Kuna jambo moja katika majengo yetu linalonikosesha amani: nondo madirishani na kufuli kwenye mlango wa nyuma. Tunaziweka kuzuia wezi wa vitabu na kompyuta, na moto ukizuka zinawafungia watoto ndani. Mlango wa dharura ufunguke kutoka ndani bila ufunguo muda wote ambao kuna watu. Kama mwizi ni hofu ya kweli, wekeni komeo la ndani, si kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula. Fanyeni zoezi la kutoka nje kila muhula pamoja na watoto, na mkubaliane ni chini ya mti gani au ukuta upi mtakutana kuhesabiana. Tanzania zimamoto ni 114. Kenya pigeni 999 au 112.

5. Watu: waajiriwa, wa kujitolea, na wageni wenye kamera

Anayewadhuru watoto mara nyingi ni mtu wanayemfahamu na ambaye wazazi wamemwamini. Kwa hiyo utaratibu huu unatuhusu sisi wenyewe kwanza, na asiyeupenda asipewe zamu ya watoto.

Kila anayefanya kazi na watoto, awe mwajiriwa, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, au kijana wa kujitolea anayesimulia hadithi Jumamosi, alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kwa chifu, majina ya watu wawili wanaomjua kikazi, na cheti cha polisi kinachoonyesha kama ana rekodi ya makosa. Hao wawili wapigiwe simu kweli, waulizwe waziwazi: "Je, ungemwachia mtoto wako?" Ukimya unaofuata swali hilo hueleza mengi.

Kisha asaini mwenendo. Hakai na mtoto mmoja kwenye chumba kilichofungwa. Hampi mtoto zawadi wala fedha kwa siri. Hamsindikizi nyumbani wala hampakii kwenye pikipiki yake. Hamwandikii WhatsApp, na kama kuna ujumbe, uende kwa mzazi. Hampigi, hamfinyi wala hamtukani. Mtoto anayesumbua huhamishwa kiti, huzungumzwa naye, na ikibidi mzazi wake huitwa.

Hapo penye wahudumu wawili, wawe wawili. Najua matawi mengi yana mkutubi mmoja na mlinzi mmoja. Basi shughuli za watoto zifanyike ukumbini mlango ukiwa wazi, na mkutubi akitoka hata kwa dakika chache, mlinzi asogee mahali anapoweza kuona ndani.

Kuhusu picha: wafadhili, waandishi na viongozi hupenda kupiga picha na watoto walioshika vitabu. Fomu ya usajili iwe na mstari ambapo mzazi anakubali au anakataa. Mtoto ambaye mzazi wake amekataa apangwe upande usiopigwa picha bila kutangazwa mbele ya wenzake. Jina kamili na shule visiandikwe chini ya picha, na mhudumu asipige picha za watoto kwa simu yake binafsi.

6. Uangalizi wa saa kwa saa

Mkutubi wa watoto hawezi kuangalia watoto huku anaorodhesha vitabu vipya. Saa za msongamano ziwe za kuangalia tu, kazi za mezani zifanywe asubuhi. Kila robo saa inuka, zunguka, hesabu vichwa, pitia choo na pembe zilizojificha. Unapopita, msalimie kila mtoto na umwulize anasoma nini. Mtoto aliyezoea kusemeshwa na wewe ndiye atakayekuja kwako siku anaogopa kitu.

Watu wazima kwenye sehemu ya watoto ni suala gumu kwetu kuliko kwingine. Maktaba zetu hufurika wanafunzi wa vyuo na watahiniwa wanaokuja na madaftari yao, viti vya ukumbi mkubwa huisha mapema, nao huhamia kwenye viti vidogo vya watoto. Karibu wote hawana nia mbaya, lakini wakishakuwa wengi huwezi tena kutambua nani kaja kusoma na nani kaja kuangalia watoto. Kanuni iwe moja kwa wote: mtu mzima anakaa sehemu ya watoto akiwa na mtoto aliyemleta, au akiwa anachagua kitabu na kuondoka. Mwambie kwa heshima, na umwambie mara tu anapokaa:

"Habari za saa hizi, kaka. Karibu sana. Sehemu hii tumewatengea watoto na wanaowaleta. Njoo nikutafutie nafasi ukumbini."

Ukimwambia kila mtu hivyo, mwanafunzi wa kawaida hatahisi ameshukiwa. Mzee akikaa hapo, mwamkie kwanza, kisha maneno ni yale yale. Anayekataa, au anayerudi kila siku kwa kisingizio kipya, muandike kwenye daftari la matukio na umjulishe mkuu wako. Ukiona mtu anagusa watoto, anawapa pipi, anawaomba namba za simu au anawaita nje, usisubiri ushahidi zaidi. Waondoe watoto karibu naye, muite mlinzi, pigia polisi.

Kompyuta za watoto zielekeze kioo upande wa meza ya mkutubi. Weka kichujio cha intaneti, lakini usikitegemee kuliko macho yako. Simu za watoto wenyewe zina intaneti ambayo kichujio chenu hakiigusi, na hapo mazungumzo na mtoto hufanya kazi kuliko marufuku.

Kwa maktaba zinazotembea, kama zile za ngamia zilizoanza Garissa, Kenya, 1996, chumba ni kivuli cha mti. Tandika mikeka iliyoelekea upande mmoja, weka mpaka unaoonekana hata kama ni kamba, funga wanyama mbali na mikeka, na mwalimu au mzee wa kijiji awepo tangu mwanzo hadi vitabu vinaporudishwa kwenye masanduku.

7. Mtoto haonekani

Marekani, mvulana wa miaka 6 aitwaye Adam Walsh alitekwa ndani ya duka huko Florida 1981 na kuuawa. Mwaka 1994 maduka ya Walmart yalianzisha utaratibu wenye jina lake, ambao baadaye ulifika hadi maktaba. Hatua zake zinafanya kazi hata kwenye tawi lenye chumba kimoja.

Mzazi au mwenzake akisema mtoto haonekani, hapo hapo mtu mmoja asimame mlangoni. Hatoki mtoto yeyote bila kutazamwa na kuulizwa ameandamana na nani. Mwingine aandike maelezo: jina, umri, urefu, nguo, na hasa viatu. Mtekaji anaweza kumbadilisha mtoto shati au kumvika kofia, lakini viatu huwa hana muda navyo. Kwetu ambako watoto wote wamevaa sare moja, viatu na begi ndivyo vitakavyowatofautisha.

Wengine watafute kwa mpangilio, kila mmoja eneo lake: vyoo, stoo, nyuma ya mapazia, chini ya meza, ngazi, uani, tangi la maji na mfereji. Kwenye maji tafuteni mapema. Waulizeni watoto wenzake, maana wao hujua aliyekwenda kununua ubuyu nje. Zikipita dakika 10 hajaonekana, pigeni simu polisi, na kama ameonekana akiondoka na mtu asiyejulikana msisubiri hata hizo 10. Akipatikana, asigombezwe mbele ya watu. Mpeni maji, mkabidhini mzazi, kisha andikeni yaliyotokea siku hiyo hiyo.

8. Saa ya kufunga, na mtoto aliyebaki

Kwetu karibu na ikweta jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni karibu mwaka mzima, na giza huingia haraka. Tawi linalofunga saa 12 kamili linawatoa watoto barabarani jua likizama. Kwa hiyo sehemu ya watoto ifungwe mapema, saa 11, hata kama ukumbi wa watu wazima unaendelea. Watoto watangaziwe nusu saa kabla: "Anayekaa mbali aanze kufunga begi." Waondoke kwa makundi ya mitaa, wakubwa na wadogo pamoja.

Hatari kubwa kwa watoto hawa, kwa maoni yangu, iko nje ya geti. Shirika la Afya Duniani linataja ajali za barabarani kuwa sababu inayoongoza kwa vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29, na maktaba zetu nyingi ziko katikati ya mji kwenye barabara zenye magari mengi. Maktaba Kuu ya Taifa, ile Mwalimu Nyerere aliyoifungua Desemba 9, 1967, iko kando ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, na kila mtu wa jiji anajua barabara hiyo ilivyo jioni. Mlinzi asiyevusha watoto barabara saa hiyo anakosa sehemu muhimu ya kazi yake. Mnunulieni kizibao kinachong'aa na kibao cha kusimamisha magari. Iandikieni halmashauri barua ya kuomba alama za pundamilia na matuta, na mwambatanishe idadi ya watoto mnaowahesabu kila jioni.

Akibaki mtoto ambaye hajaja kuchukuliwa, wabaki watu wazima wawili. Abaki ndani, penye taa, akiwa na kitabu, wala asielezwe kwamba anawachelewesha. Pigeni namba ya kwanza, kisha ya pili. Msimkabidhi kwa bodaboda au jirani ambaye hayumo kwenye fomu, hata kama mtoto anamfahamu, mpaka mzazi mwenyewe athibitishe kwa simu kutoka namba mliyonayo. Mkutubi asimchukue nyumbani kwake hata kwa huruma kubwa. Anamweka mtoto hatarini, na anajiweka yeye mwenyewe mahali pabaya. Ikipita saa nzima bila mtu kupatikana, pigeni 116, namba ya huduma kwa mtoto isiyolipiwa Tanzania na Kenya, au mpelekeni wawili mkiwa pamoja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Bandikeni mlangoni karatasi inayosema "Mzazi, piga namba hii", bila jina la mtoto.

Mzazi akifika akihema, apokelewe kama mtu. Zungumzo zito liwe kesho yake, mtoto asiwepo:

"Mama, pole kwa jana. Tunafurahi mtoto anapenda kuja, na tungependa aendelee. Sisi tunafunga sehemu ya watoto saa 11. Ukiona utachelewa, nani mwingine tumwandike anayeweza kumfuata?"

Akiwa bibi, usianze kabla hujasema shikamoo. Wengi wanaochelewa wana sababu: daladala, zamu ya kazini, mgonjwa hospitali. Mara ya tatu ikitokea ndani ya mwezi, mshirikisheni afisa ustawi wa jamii wa kata au afisa wa watoto wa kaunti, mkieleza kwamba familia inahitaji msaada.

9. Mtoto akikuambia jambo zito, au ukiliona

Mkutubi hukutana na mtoto kila juma bila mitihani na bila viboko, kwa hiyo kuna mambo ambayo mtoto atamwambia yeye kabla ya mwalimu. Unaweza pia kuona mwenyewe: alama za fimbo zisizopona, mtoto anayekataa kwenda nyumbani saa ya kufunga, aliyekuwa mchangamfu na sasa hasemi, anayetembea kwa maumivu, anayeshtuka akiguswa bega.

Akianza kusema, kaa chini usawa wake, mahali wengine wanawaona lakini hawawasikii. Sikiliza. Usimkatishe, usishangae kwa sauti, usimhoji kama askari. Mwambie maneno machache: "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako. Nitatafuta watu wa kutusaidia." Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitunza. Akishaondoka, andika alivyosema kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe na saa. Usiyasafishe maneno yake.

Kisha toa taarifa. Sheria ya Mtoto ya 2009 Tanzania Bara inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa ya eneo lake. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya 2011, na Kenya ina Sheria ya Watoto ya 2022. Njia fupi ni 116, afisa ustawi au afisa wa watoto, au dawati la polisi. Usimpigie kwanza mzazi kama kuna dalili kwamba mdhuru yumo nyumbani. Usikubali kikao cha kumalizana kifamilia kichukue nafasi ya taarifa.

Kama ni ukatili wa kingono uliotokea karibuni, muda ni mfupi sana. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Mtoto asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya kufika hospitali. Polisi watatoa fomu ya matibabu, PF3 Tanzania na P3 Kenya. Fuatana naye, au hakikisha anafuatana na mtu mzima anayemwamini.

Habari hii isizungumzwe kwenye chai ya wafanyakazi. Anayepaswa kujua ni mkuu wako na wale uliowaripotia.

10. Kwako mzazi

Mtoto kabla ya kuja peke yake ajue kwa moyo namba yako ya simu, jina lako kamili na jina la mtaa wenu. Tembea naye njia yote mara kadhaa, umwonyeshe pa kuvukia na duka ambalo anaweza kuingia akiogopa. Mwambie akusubiri ndani, karibu na meza ya mkutubi, asitoke nje ya geti kukuangalia. Mkubaliane neno la siri la familia: mtu akija kumchukua bila kulitaja, asiende naye, hata kama anasema mama amelazwa.

Mpe maji na kitu cha kula kabla hajaenda. Ingia ndani angalau mara moja ujitambulishe kwa wahudumu, uangalie wapi mtoto hukaa na nani humzunguka. Namba yako ikibadilika, wapelekee mpya siku hiyo. Na akikwambia hataki tena kwenda, usimlazimishe kabla hujajua kwa nini.

11. Daftari la matukio, na pa kuanzia usipokuwa na fedha

Kila tukio, hata dogo, liandikwe: tarehe, saa, kilichotokea, kilichofanyika, nani alijulishwa. Daftari hili likae kwenye kabati lile la fomu. Kabla ya kila likizo ndefu, kaeni wote pamoja na mlinzi na mfanya usafi mlisome. Mkiona watoto watatu wameanguka pale pale kwenye ngazi, au jina la mtu mzima mmoja limejirudia, mmeshapata kazi ya kufanya kabla watoto hawajajaa tena. Waulizeni na watoto wenyewe ni wapi ndani ya maktaba hawapendi kukaa, na kwa nini. Majibu yao huwa mahususi sana.

Kama bajeti ya mwaka imeshaisha na huwezi kufanya yote, anza juma hili na manne yasiyohitaji fedha: toa daftari la mlangoni, fungua kufuli la mlango wa nyuma wakati wa kazi, sogeza meza ya mkutubi mahali anapoona vyumba vyote, na andika 116 kwa tarakimu kubwa ukutani, kwenye urefu ambao mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuisoma.